Barafu Apata Mchoraji Mwingine

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, Nderitu alipoingia dukani kwetu Nyeri mjini, mkononi ameshika kijitabu chetu kilicholowa. Nilidhani amekuja kupigana.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Kaka yangu Wachira alichora vibao vya maduka, lakini jina lake lilivuma kwa kitabu cha picha alichotunga mwenyewe. Shujaa wake, Ngurumo, aliruka kutoka Nyandarua hadi Mlima Kenya kwa hatua moja. Adui yake, Barafu, aligandisha mito na kuunguza kahawa ya watu kwa baridi. Wachira alichora, mimi nikazungusha mashine ya kuchapisha mpaka bega likauma, na kila toleo liliisha sokoni kabla ya saa sita. Hata wazee wa Tetu walikuja kununua, ati ni cha wajukuu.

Sasa, Nderitu naye alichora vibao, tena vizuri, na wawili hao hawakusalimiana tangu walipogombania kazi ya hoteli moja. Basi Wachira akampa Barafu sura ya Nderitu: pengo la meno, kofia iliyoinamia kushoto. Mji mzima ulimtambua. Mji mzima ulicheka.

"Wachira," Nderitu alisema, wala hakupaza sauti, "mimi na wewe tuko na maneno yetu. Sawa. Lakini Wambui, binti yangu, jana alikataa kwenda shule. Watoto hawataki kukaa na yeye dawati moja, ati atawagandisha. Yeye alikukosea wapi?"

Kaka yangu alikuwa mtu wa majibu ya haraka. Lakini siku hiyo alisimama, akavuta kiti chake mwenyewe, akakisukuma mbele ya Nderitu.

"Keti. Nimekosa. Nitaenda shuleni niseme hivyo mbele ya watoto." Kisha akamnyooshea kalamu. "Na huyu Barafu, kusema kweli, mimi simjui. Ninajua tu kumchukia. Mchore wewe. Mimi nitabaki na Ngurumo."

Nderitu aliketi, akaitazama ile kalamu. Mwishowe akaichukua, na kesho yake Wachira akaenda shuleni kama alivyoahidi.

Aisee, mwanangu, ungeona kazi iliyotoka hapo! Nderitu alimpa Barafu sura mpya, akampa na sababu: alikuwa mlinzi wa theluji, huko juu peke yake, na watu wa chini walikunywa maji yake miaka yote bila hata mmoja kupanda kumsalimu. Wachira aliposoma alikasirika, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa mzuri kuliko wake. Akararua wa kwake, akachora upya. Usidhani walipendana ghafla. Walibishana juu ya kila mstari, na kelele zao zilishinda mashine yangu. Lakini Ngurumo, ambaye zamani alikuwa misuli mitupu, sasa akaanza kufikiri. Watu wa Karatina wakawa upande wa Barafu, wa Naro Moru upande wa Ngurumo, na hakuna aliyeweza kusema nani ana haki.

Katika toleo la mwisho Ngurumo ananing'inia kwenye ufa wa mlima, na Barafu ndiye aliyeshika kamba yake. Ukurasa huo waliuchora pamoja, vichwa vimekaribiana kama ndugu. Wambui ndiye aliyeupeleka shuleni, kifua mbele.

Ninakuambia haya kwa kuwa nasikia kuna mwenzako kazini ambaye hata jina lake hutaki kulitaja. Shindana naye, mwanangu, tena kwa nguvu zako zote. Mshindani mzuri atakufikisha mahali ambapo rafiki hawezi. Lakini kwanza msikie akijieleza kwa kinywa chake. Ugomvi wenu usiwafikie watoto wake. Na ukikosa, sema mapema, kama kaka yangu alivyosema.

Mungu akulinde huko uendako, akupe mikono hodari na nyumba yenye amani, na mvua ikunyeshee kwa wakati wake.