Cheti Kilichokwenda Masagati

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusimamia mambo ya watu, basi alikuwa Pantaleo wa Lumemo, pale Ifakara. Harusi isiyokuwa na Pantaleo, wali ulichelewa. Msiba usiokuwa na Pantaleo, wachimba kaburi walikaa wakiulizana jembe liko kwa nani. Yeye alitembea na daftari kwapani na kalamu sikioni, akipanga nani abebe maturubai na nani akaazime masufuria, na hakuna aliyekumbuka nani alimpa madaraka hayo. Nadhani alijipa mwenyewe, na watu wakaona nafuu.

Kazini ndiko alikokuwa na balaa. Miaka minne mfululizo alifanya kibarua katika ujenzi wa madaraja madogo ya bondeni, na kila mwaka aliletewa bosi mpya, kijana mwenye cheti, ambaye siku ya tatu tu alimwita pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Panta, hivi hapa tunaanza na nini?" Pantaleo akaeleza, kijana akaandika, na ripoti ikaenda wilayani na jina la kijana. Huyo aliyeitwa mzee alikuwa na miaka thelathini na minane.

Mwaka 1995 uzalendo ukamshinda. Akaenda Morogoro, akakaa darasani miezi sita na watoto waliomwamkia shikamoo kila asubuhi, akarudi na Cheti cha Usimamizi wa Miradi, kina mhuri mwekundu na majina yake yote matatu: Pantaleo Tadei Hermenegildi.

Cheti kile hakikupata raha. Padre alikibariki Jumapili ya kwanza. Majirani walikuja kukishika, Dativa, mke wa Pantaleo, akawataka kunawa mikono kwanza. Kisha shangazi Tekla akasema jambo ambalo ukoo mzima ulilijua: kwao kitu cha heri hakianzi kutumika kabla mkubwa wa nyumba hajakitia machoni. Mkubwa huyo alikuwa mama yake Tekla, Bibi Sikitu, aliyemlea Pantaleo tangu anatambaa, na Bibi Sikitu alikuwa Masagati, huko mbele ya Mlimba ambako hata habari za redio hufika zimechoka. Pantaleo akapendekeza kupeleka kivuli, kile kinachotolewa kwa mashine pale mjini.

"Kivuli?" shangazi Tekla alimtazama kana kwamba ametukana. "Aliyekubeba mgongoni umpelekee kivuli?"

Basi vivuli vikabaki Ifakara kwa maombi ya kazi, na cheti chenyewe kikapanda treni na shangazi, kimefungwa ndani ya kanga mpya.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, barua ikaja. Mradi wa kuchimba visima vijijini ulikuwa unatafuta msimamizi, na Pantaleo alikuwa ameitwa kwenye usaili Alhamisi, saa nne asubuhi. Chini kabisa paliandikwa kwamba wasailiwa waje na vyeti halisi, na asiyekuwa navyo asijisumbue.

Mtu yeyote mwenye akili zake timamu angepanda treni kesho yake. Dativa alishaanza hata kumkunjia shati.

"Mke wangu," alisema Pantaleo, akivuta kiti, "msimamizi hashiki utekelezaji. Msimamizi anagawa majukumu."

Hivyo ndivyo masomo yalivyokuwa yamemfanya. Alinunua karatasi ya manila, akaitandaza mezani, akachora masanduku. Siku zikapangwa juu, kazi zikapangwa ubavuni, na mshale ukatoka Ifakara hadi Mlimba, Mlimba hadi Masagati kwa lori la mahindi, kisha ukageuka na kurudi nyumbani Jumatano jioni. Mtekelezaji alikuwa binamu yake Vitus, mfanyabiashara wa mitumba aliyezijua njia zote za kule. Pembeni Pantaleo akaandika hatari zinazoweza kutokea: lori kuharibika, mvua, Vitus kuugua tumbo.

Dativa alikuwa anachambua mchele. Akachungulia. "Ongeza hapo: Bibi atakataa kukiachia."

"Hiyo si hatari, Dativa. Hiyo ni hisia."

"Haya."

Vitus aliondoka Jumamosi kama ilivyochorwa. Pantaleo alishinda akiweka alama ya vyema kwenye masanduku, siku baada ya siku, ingawa hakuwa na habari yoyote ya kilichokuwa kinaendelea. Jumatano jioni Vitus akatokea mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi, mikono mitupu.

"Bibi kakataa kukiachia," alisema.

Dativa aliinuka akaenda jikoni, maana kumcheka mume mbele ya shemeji si adabu.

"Kasema anakileta mwenyewe," Vitus aliendelea. "Tumekuja naye hadi Mlimba, mimi nikatangulia kuwaambieni. Yuko na shangazi, anapumzisha miguu. Kesho anapanda treni."

"Treni ya kesho inafika saa saba, Vitus! Usaili ni saa nne!"

"Nilimwambia. Akasema kazi iliyo yako haikimbii."

Pantaleo alikaa chini. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alikuwa anauona mwaka mwingine, daraja jingine, na kijana mwingine anamwita pembeni.

Alhamisi wasailiwa walikuwa wanne, na Pantaleo aliwapita wote. Mwenyekiti wa usaili alikuwa Bwana Egidius, Mhaya mrefu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani na suti ambayo joto la Ifakara lilikuwa limeanza kuishinda. Alimuuliza kisima kianze kuchimbwa mwezi gani. Pantaleo akamwambia si Machi wala Aprili, maana wakati huo watu wako ng'ambo ya mto kwenye madungu wanafukuza ndege mashambani, na atakayeitisha mkutano kijijini atahutubia kuku. Bwana Egidius akacheka, akaandika mistari miwili. Kisha akanyoosha mkono.

"Cheti halisi."

"Kiko njiani, mheshimiwa."

"Njiani wapi?"

Ikabidi aeleze. Mmoja wa wenzake pale mlangoni alikohoa kicheko. Bwana Egidius alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bwana Pantaleo, majibu yako nimeyapenda. Ila bila cheti siwezi kuandika jina lako, hata ungekuwa mdogo wangu. Saa tisa nafunga faili."

Saa saba Pantaleo alikuwa stesheni na baiskeli. Bibi Sikitu alishuka behewa la mwisho, taratibu, hatua moja baada ya nyingine, kuku kwapani na furushi kifuani. Pantaleo alimwamkia huku ameshanyoosha mkono. Bibi aliitikia marahaba, akampa kuku.

"Cheti, Bibi! Tumechelewa!"

"Hiki nakabidhi kwa mwenye kazi. Wewe endesha."

Akaendesha. Shangazi Tekla aliachwa na mizigo. Bibi alikaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, akiwasalimia watu wote wa barabarani, na kwa kila mmoja alitaka baiskeli isimame. Waliingia ofisini saa tisa kasoro dakika kumi, Pantaleo hana pumzi, kuku ana hasira.

Bwana Egidius alisimama haraka. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kazi?"

"Ndiye mimi."

"Cheti chako kiko wapi?"

Bwana Egidius alitazama dari. "Kiko Dar es Salaam, Bibi. Nyumbani, kabatini."

"Kumbe chako kiko mbali kuliko cha mjukuu wangu," alisema Bibi Sikitu, "na kazi umepewa."

Kisha akalegeza kanga, pole pole, akakitoa. Bwana Egidius alikipokea kwa mikono miwili bila kuambiwa. Bibi akamshika kidole, akakipeleka kwenye maandishi. "Kusoma sijui, ila nimemsumbua katekista mpaka nimejua. Hili la kwanza ndilo yeye. Hili la mwisho ni mume wangu. Karatasi zinazofika kwetu Masagati ni za kodi na za misiba. Hii ndiyo ya kwanza kuja na heri, mwanangu, ndiyo maana sikuweza kumpa mtu abebe."

Pantaleo aligeukia dirishani akajifanya anamtuliza kuku. Alikuwa analia.

Bwana Egidius alilinganisha cheti na kivuli, akagonga mhuri kwenye kivuli, akaandika jina kwenye faili. Halafu akamrudishia cheti Pantaleo. Bibi Sikitu akakichukua mkononi mwa Pantaleo, akakifunga tena ndani ya kanga.

Pantaleo alisimamia visima kwa miaka sita, na ripoti zote zilikwenda na jina lake. Cheti chenyewe kilirudi Masagati na treni ya Jumamosi. Kila alipokuja mkaguzi kutaka kuona cheti halisi, Pantaleo alimwelekeza: Mlimba kwa treni, kutoka pale kwa lori, na asiende bila sukari.