Maneno ya Herufi L

Baba alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamkimbia. Alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule za sekondari maisha yake yote ya kazi, na sasa akitaka maji alinyoosha kidole tu, akakasirika tusipomwelewa. Nyumbani kwetu Homa Bay tuliongea Kiswahili, kwa sababu Baba ni Mjaluo na Mama ni Mkuria wa Isebania, na walipooana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Hicho Kiswahili chao ndicho kilichopotea.

Nilichukua likizo kazini Migori nikaja kumsaidia Mama. Kila Jumanne tulimpeleka Baba kwa mwanadada mmoja aliyefundisha wagonjwa kuongea upya. Jumanne ya tatu akamwambia, "Mwalimu, nitajie maneno yanayoanza na herufi L. Lugha yoyote."

Nilitarajia "lala" au "leo". Baba alifumba macho, midomo ikahangaika, kisha akasema polepole, "Lugubrious." Akapumzika. "Lachrymose. Loquacious."

Mwanadada aliacha kuandika. "Hayo hata mimi siyajui yote," akasema.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ametukana?"

"Hapana, Mama. Ni Kiingereza."

"Sasa yanamaanisha nini?"

Nilitafuta kwenye simu. La kwanza ni mtu wa huzuni iliyopitiliza, sura imekunjamana kama yuko matangani kila siku. La pili ni mwenye machozi ya karibu. La tatu ni mtu asiyekoma kuongea.

"Hilo la tatu ananisema mimi," Mama akasema, na Baba akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini ndicho cha kwanza tangu augue.

Mama aliacha shule darasa la tano. Siku hiyo hiyo alinituma nikanunue daftari. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda ziwani kuanika omena, wale dagaa wadogo, aliketi na Baba kibarazani. Baba alitoa neno, mimi nikatafuta maana, Mama akaliandika kama alivyolisikia. Lakadezikali: mtu anayefanya jambo kwa ulegevu, kama hajali. Limpidi: maji unayoyaona hadi chini. Halafu akayatumia. Baba alipokataa mazoezi ya mkono, alimwambia, "Mwalimu, leo umekuwa lakadezikali." Akirudi kutoka ziwani alisema maji hayakuwa limpidi hata kidogo, gugu maji limejaa.

Baba hakuweza kuvumilia matamshi hayo. Alimsahihisha silabi moja moja, jasho likimtoka, na kesho yake Mama alikosea vile vile.

"Mama, unakosea makusudi?" nilimuuliza siku moja.

"Akinisahihisha, si anaongea?" akasema, akaendelea kuchambua omena.

Asubuhi moja Baba alisema, "Lissom." Nikasoma maana: mtu mwenye mwili mwepesi, unaopinda kwa madaha.

"Na huyo ni nani?" Mama akauliza. Mama ni mnene, na magoti yanamsumbua.

Baba alimtazama. Akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha. "Wewe," akasema. Tukangoja. "Ulikuwa... unacheza. Harusini."

Mama aliinamia daftari na hakuandika kitu. "Muongo," akasema.

Baada ya hapo Kiswahili kilimrudia kidogo kidogo. Mkono haukurudi. Likizo yangu ilipoisha nilienda Migori nikiwaacha kwenye herufi M.

Jumapili iliyopita Mama alinipigia simu akiwa amekasirika. Baba amemwita "mulish", yaani mkaidi kama nyumbu, naye Mama anataka neno la M la kumjibu. Nilimtafutia matatu. Akachagua "magniloquent", mtu anayependa kutumia maneno makubwa makubwa, nikamtamkia mara nne. Nyuma yake nilimsikia Baba akiuliza, "Amekupa lipi?" Mama akamwambia asubiri chai iive.