Mafuta ya Mwenyekiti

Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu wa chama chetu cha wahamiaji wa mtaa wa Hallunda, mchungaji alitangaza kwamba Jumapili inayofuata atampaka mwenyekiti mafuta. Eti Bwana amemwonyesha. Nadhani Bwana alimwonyesha baada ya habari kuenea kwamba mama yangu mdogo anagombea kiti hichohicho.

Mama mdogo anakaa Märsta, anafanya usafi uwanja wa ndege, na ukubwa hakuwahi kuutaka. Alichotaka ni ukumbi. Ukumbi ni wa chama, lakini kila wikiendi mwenyekiti alimwachia mchungaji, na mchungaji naye kila ibada akamwombea "kiongozi tuliyepewa na mbingu". Majira ya baridi yaliyopita jirani yangu alifiwa na mumewe. Ukumbini kwaya ilikuwa mazoezini, basi tukakaa matanga kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mashine zinazunguka, wafiwa wanawapisha watu wenye vikapu vya nguo. Mama mdogo hakusahau.

Mimi nilikuwa shule ya watu wazima, naota kuwa mwalimu, ingawa historia ilikuwa inanipiga chenga. Muhula ule tulisoma wafalme wa kale wa nchi hii. Kwanza walichaguliwa na watu, kwenye jiwe huko karibu na Uppsala. Kisha askofu mkuu akawapaka mafuta, na tangu hapo kumpinga mfalme kukawa kama kumpinga Mungu. Mfalme naye akalipatia kanisa ardhi na kulisamehe kodi. Nilicheka peke yangu darasani. Wale wawili wetu walikuwamo mle kitabuni, wamekosa suti tu.

Nikampelekea mama mdogo kitabu jikoni kwake. Nikamweleza kwamba haya si ya mbinguni, ni makubaliano: huyu anatoa ukumbi, yule anatoa mafuta, tena ya saladi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anajitoa. Alisema hata yule kijana mchunga kondoo wa Maandiko alimkuta mfalme pangoni akamwacha hai, kwa kuwa mfalme huyo alikuwa amepakwa mafuta. Nikamjibu kwa hasira, ili tu nimalize maneno, kwamba kijana huyo naye alikuwa ameshapakwa. Yeye akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili mwenyekiti alipiga magoti mbele, uso umenyenyekea kama wa mtu anayepigwa picha, na kweli mpwa wake alikuwa anampiga. Mchungaji akafungua chupa. Ndipo mama mdogo akainuka kutoka kiti cha nyuma, akapita katikati ya watu wote, akapiga magoti kando ya mwenyekiti.

Mchungaji akamwinamia, akamnong'oneza kwamba mafuta haya ni ya viongozi. Kipaza sauti kikatugawia sote mnong'ono huo.

"Baba mchungaji," akasema mama mdogo, "mafuta ni ya Mungu. Na miye ni mutoto yake. Ama iko ya mwenyekiti?"

Mzee mmoja nyuma akasema amina, kina mama wakaitikia. Mchungaji akaitazama chupa kana kwamba itamshauri, halafu akampaka tone moja, la ubahili. Mwenyekiti alikuwa amefumbua jicho moja.

Nilifurahi, nikidhani mama mdogo amewazidi ujanja. Kisha nikaona mabega yake yanatetemeka. Alikuwa analia, anaomba kweli. Nikaona haya, dharau yangu nikawaachia wale wawili wanaoistahili.

Mkutanoni hakuna aliyetaja mafuta, maana wagombea wote wawili walikuwa wameshapakwa, ikawa sare. Watu wakapiga kura kwa sababu zao wenyewe, yule jirani yangu mjane akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mama mdogo akashinda.

Jumatatu mchungaji akapiga simu. Alimwita "mama kiongozi wetu", akasema ameonyeshwa kiti chake pembeni ya madhabahu. Mama mdogo akashukuru, akasema cha nyuma kinamtosha. Akamwarifu kuwa Jumapili ukumbi una msiba, ibada aisogeze jioni, ila asubuhi aje awaombee wafiwa.

Mchungaji akajibu kwamba atamuuliza Bwana kwanza.

"Umuulize, baba," akasema mama mdogo. "Ila wafiwa wanaingia saa nne."