Mtoto Aliyeacha Kulia

Mama Kagua hakuwa na imani na ndoo. Ndoo yenye maji, hata ya kunawia mikono tu, aliitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Aliimwaga, akaifudikiza, na bado akipita aliitupia jicho. Vifungo vya mashati, soketi za umeme, sarafu, kiti chochote ambacho mtoto angeweza kukipanda: vyote alivihesabu kuwa maadui. Uani kwake, nyuma ya nyumba, palikuwa na lango la bati lenye komeo juu, mkeka mpana, na watoto wadogo ambao wazazi wao walikuwa kazini. Kila asubuhi mtoto alikaguliwa langoni, viganja, mifuko, masikio, nyayo, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi walimcheka pembeni. Lakini katika miaka yote ya kulea watoto wa watu hakuna aliyeungua wala kumeza kitu kwake, na hilo alipenda kulisema, tena bila kuombwa.

Basi akaja mtoto waliyemwita Bonge, kwa ajili ya mashavu. Siku za mwanzo alikuwa na kilio cha kutoboa bati. Akibebwa analia, akishushwa analia, akipewa uji analia na uji mdomoni. Mpwa wake Mama Kagua, msichana aliyemsaidia kazi, alifikia hatua ya kuziba masikio kwa pamba. Kisha kilio kikakatika ghafla. Bonge akawa anafika amejilaza begani kwa baba yake, analazwa mkekani, na hapo ndipo anaposhinda.

"Afadhali," mpwa akasema. "Ameshazoea."

"Amezoea nini? Mtoto akizoea anacheza. Huyu halali, amezimika."

Machale yalikuwa yameshamcheza. Kwanza alidhani ni homa, lakini paji la uso halikuwa na moto. Kisha akamshuku mpwa wake mwenyewe, kwamba labda anamnywesha mtoto kitu ili apate nafasi ya kuchezea simu. Akawa anajitia kufua huku jicho liko kwa mpwa wake, mpaka msichana akaangua kilio na kusema atarudi kwao. Hakuambulia kitu. Ndipo siku moja, akimgeuza Bonge upande, mtoto akapiga mwayo, na harufu ikampiga Mama Kagua puani. Ilikuwa tamu, ya machungwa, na nyuma ya ule utamu palikuwa na ukali wa dawa.

Hakumwambia mtu. Alimsubiri mama mtu kwa hamu.

Mama yake Bonge alikuwa akishona mashati kiwandani. Alitoka nyumbani alfajiri, akipishana mlangoni na mumewe, mlinzi wa ghala, aliyekuwa anarudi kutoka lindo. Baba ndiye aliyemleta mtoto asubuhi kabla ya kwenda kulala, na mama ndiye aliyemfuata jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyu mtoto mnampa dawa gani?"

"Dawa? Mbona haumwi?"

"Anashinda amelala."

Mama mtu akashusha mkoba begani. "Hilo nilitaka nikuulize mimi. Jumapili akiwa kwangu anakimbia nyumba nzima. Akitoka hapa nabebeshwa mtoto kama furushi la nguo. Nyinyi ndio mniambie mnampa nini."

Mama Kagua alipigwa na butwaa. Yeye? Yeye anayefudikiza ndoo? Damu ikamchemka, na aliyoyasema hapo hayaandikiki. Mama mtu naye hakubaki nyuma. Alipaza sauti kwamba wako walezi wanaowalaza watoto wa wenzao ili wapumzike. Wazazi waliokuwa langoni wakiwavalisha watoto wao viatu wakaacha viatu, wakatega masikio. Hakuna aliyemtetea, na hilo lilimuuma Mama Kagua kuliko matusi.

Kesho yake hakuanza na viganja. Mlinzi alipofika tu, akampokea Bonge na kumnusa kinywa pale pale langoni. Machungwa! Kumbe kitu kilikuwa kinatoka nyumbani. Alipoinua uso kuuliza, mlinzi alikuwa ameshakata kona.

Akamlaza mtoto akijiambia kwamba leo leo atawaumbua mke na mume. Lakini alipomwangalia vizuri, hamu ya kumuumbua mtu ikamtoka. Kifua kilipanda, kikakaa, kikakawia kushuka. Akamwita, akamfinya kisigino, akamnyunyizia maji usoni. Wapi! Midomo ilikuwa imepauka.

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake na unene wake alikimbia barabarani bila viatu, mtoto kifuani, mpaka zahanati, huku mpwa akiwapigia wazazi simu.

Muuguzi alimtazama Bonge mara moja, akamvalisha kifaa cha hewa puani. "Amekunywa nini?"

"Sijui. Kitu cha machungwa. Kimetoka kwao."

Mama mtu akaingia akihema, nyuzi za kiwandani bado nyweleni. "Mwongo! Ni yeye! Ni yeye anayempa!"

"Ugomvi pelekeni nje," muuguzi akasema. "Mimi nataka jina la dawa, na ninalitaka sasa hivi. Mtoto anasahau kupumua."

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazini. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na kichupa. Dawa ya kikohozi, ya watu wazima, ile inayoleta usingizi.

"Kijiko kimoja kila asubuhi," akasema. "Leo viwili. Kimoja hakikumkolea."

Mkewe alimtazama kama hamjui. "Kwa nini?"

Mlinzi alimgeukia Mama Kagua.

"Mama, si wewe ulinisimamisha langoni? Ulisema akiendelea na makelele yake nimtafutie pengine, kwako unataka watoto wenye adabu. Pengine wapi? Mke wangu akiacha kazi hatuli. Mimi nisipolala mchana nitasinzia lindoni, wanifukuze. Nikaona bora asilie."

Mama Kagua alitaka kukana, lakini neno lilikuwa lake. Alikumbuka. Alikuwa na ufagio mkononi, na alilisema huku anacheka. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Muuguzi aliwaweka wote watatu mbele yake akawapa za uso, bila kumpendelea mtu: mtoto mdogo hapewi dawa ya mtu mzima, wala hapewi dawa yoyote ili alale, kwa maana usingizi wa namna hiyo unaweza kuondoka naye. Kufikia mchana Bonge alipiga teke, akafumbua macho, akaanza kulia, na mama yake akalia naye.

Alipopata nafuu akarudishwa. Alikuja analia tangu kona ya barabara, na baba yake akasita langoni akijaribu kumnyamazisha kwa kiganja.

"Mwache, baba," Mama Kagua akasema. "Mwache alie."

Akampokea, akamweka kiunoni, akageuka. Wengine walikuwa wameshafika. Kwenye mkeka kulikuwa na watoto watatu wamelala, wale ambao siku zote aliwasifia kwa wazazi kwamba hawana usumbufu. Maneno ya langoni hakuwa amemwambia mlinzi peke yake. Alikuwa akimwambia kila mtu.

Akapiga magoti, Bonge akimlilia sikioni. Wa kwanza alinuka maziwa. Wa pili vivyo hivyo. Alipomfikia wa tatu, kabinti kapole kasikowahi kumsumbua, akainamisha pua, akakutana na ukali ule ule wa dawa.

"Njoo ukae na hawa," akamwambia mpwa wake.

Akawabeba wote wawili, anayelia na anayelala, akashika tena njia ya zahanati.