Mgema Aliyekuwa Anaonja Tu

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la zahanati moja karibu na Nyololo, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikuwepo mwanamume aliyetaka kuacha pombe, kaja na mkewe. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Nipe vidonge kama vya yule mgonjwa aliyetoka sasa hivi," alimwambia nesi, kiganja amekwisha kukikinga.

"Yule ni yule, baba. Wewe unakunywa kiasi gani?"

"Mimi sinywi, naonja."

Akaeleza kwamba yeye ni mgema wa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi. Kila mwanzi lazima auonje, asubuhi na jioni, ajue umekolea. Na mgeni hapewi kikombe kabla mwenyeji hajapiga funda mbele yake, aone hajatiliwa sumu.

"Una mianzi mingapi?"

Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya.

"Thelathini na miwili," mkewe akasema.

Nesi aliweka kalamu chini. "Usiache kwa siku moja, baba, utaumwa. Tutapunguza kidogo kidogo, kila Jumatatu uje nikupime. Mianzi mkodishie jirani. Wageni wape chai."

Yule baba alikuna kidevu. "Na hiyo chai, nani atawaonjea?"

"Nitaonja mimi," mkewe akajibu, akivuta kitenge mabegani.

Zamu yangu ilipofika nilisema nakohoa. Nikapewa vidonge vile vile anavyopewa kila mwenye kikohozi, na kwa mara ya kwanza nikatamani kuulizwa nina mianzi mingapi.