Kikapu cha Mafaili, Gerezani

Mashine mbili ziko nyumba moja, waya umezifikia zote, umeme ni ule ule. Kwa nini zisisomeane mafaili? Bosi aliniuliza hivyo wiki yangu ya pili kazini. Mimi na digrii yangu ya kompyuta tulikohoa tu.

Kiwanda chetu cha kuchapa vitambaa kilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye mtaa wa karakana. Ghorofani alikaa dada mbunifu na kompyuta yake kubwa ya kuchorea, nzee lakini imara. Chini, fundi alikuwa na kompyuta ya kampuni nyingine iliyoendesha mashine ya kuchapa. Kati yao kulikuwa na kikapu cha ukili. Dada akimaliza mchoro alitia flashi kikapuni, akakishusha dirishani kwa kamba na kupaza sauti, "Pokea!"

Nilikicheka kikapu kile mpaka kilipotuponza. Flashi ilikuwa na michoro miwili ya sare za harusi, wa kwanza wenye rangi ya upande wa bwana harusi, na uliorekebishwa kwa rangi ya upande wa bibi harusi. Fundi akachapa wa kwanza. Upande wa bibi harusi, wafanyabiashara wa Kariakoo wenye asili ya Uarabuni, wakapelekewa rangi waliyochagua upande wa bwana harusi. Jumatatu mama wa bibi harusi alikuja akazitandaza sare zile mlangoni kwetu, moja moja. Harusi ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Jumatatu hiyo hiyo wakala aliyetuuzia kompyuta ya chini akaja na dawa yake.

"Mzee, hizi kampuni ni mahasimu. Kila moja ina utaratibu wake wa kushirikisha mafaili. Nunua na ya juu kwetu, yaishe."

Bosi, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Ilala, akatazama dari. Juu ya dari ile alikaa dada, na programu yake ilifanya kazi kwenye mashine yake tu. Ikitoka mashine, anatoka na yeye.

"Mzee, kitambaa kipya kinafika Ijumaa, naomba unipe mpaka siku hiyo," nikasema.

"Kwani wewe unajua kuliko wakala?"

"Sijui. Ila yeye anauza."

Fundi aliangua kicheko. "Msomi wetu leo kaamka vibaya!"

Kitabu cha maelezo cha mashine ya chini kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza isitikisike. Nilikitoa, nikaweka tofali. Siku tatu nilisoma kurasa ambazo hakuna aliyezifungua. Ukurasa wa karibu na mwisho ulikuwa na orodha ya taratibu ambazo mashine ile inazielewa. Wa kampuni yake ulikuwa juu. Chini yake, kwa herufi ndogo, ulikuwepo wa mahasimu, na maneno haya: umezimwa kiwandani.

Umezimwa, siyo haupo!

Ijumaa asubuhi niliuwasha. Folda ya dada ikaonekana kwenye kioo cha fundi, tupu kabisa.

"Haya, tumepata folda ya hewa," fundi akasema.

Nilipanda ngazi mbio. Mashine ya juu nayo ilitaka kuandikiwa nani anaruhusiwa kuingia. Nikaandika namba ya mashine ya chini, nikamwambia dada ahifadhi mchoro uliorekebishwa. Hata sijafika dirishani nikasikia kelele kutoka chini.

"Umeingia! Dada, umeingia wenyewe! Nachapa!"

Dada alinikumbatia hadi miwani ikanidondoka. Chini, bosi alisimama mbele ya mashine mikono nyuma, akiangalia kitambaa kikitoka, zambarau na dhahabu, rangi sahihi. Wakala alipopiga simu mchana, bosi alimjibu neno moja: "Hatununui." Jumamosi sare zilifika Kariakoo, na yule mama akatuma sinia la halua, nalo bosi akaamuru lianzie ghorofani.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimwita wakala yule mwongo. Kisha nikafanya kazi na mtu aliyesoma naye mafunzo ya kampuni ile. Ukurasa ule haukuwahi kufundishwa; wakala aliamini kila neno alilotuambia.