Kimasai Hukukisomea

Admin, nakusoma kila siku ila leo zamu ni yangu. Usiweke jina wala picha, Watanzania wa London tunajuana hadi viatu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, Mmasai, naishi Thamesmead. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, na sasa nina kibali cha kudumu. Mke wangu na binti yetu wa miaka mitatu wako nyumbani Tanzania. Ili niwalete, serikali ya huku inataka mshahara wangu ufike kiwango fulani. Haufiki. Hapo ndipo kilio changu kilipo.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalosaidia jamii za wafugaji na wawindaji, sisi wanaotuita watu wa asili. Naongea kwa simu na wazee wa kwetu kuhusu malisho na maji, natafsiri, naandika. Wazee hawataki kuongea na mtu mwingine. Akiwapigia mwingine wanasema mtandao mbovu, wanakata. Nacheka nikiandika hili, lakini ni kweli.

Mwaka juzi akaajiriwa dada mmoja wa Dar, nimwite Rehema. Si Mmasai, na Kimasai anachojua ni salamu ya "sopa" tu, nayo nilimfundisha mimi. Ni mtu mwema, sina ubaya naye. Shahada zetu zinalingana, na ripoti zake zinatokana na ninayomtafsiria. Mwezi uliopita alimleta mumewe. Tukiwa tunakula mchana akaniuliza, "Kaka, na wewe wifi utamwacha huko mpaka lini? Si u-apply tu? Mshahara wetu si unavuka?"

Nikamwambia wangu hauvuki. Akadhani natania. Tulipotajiana mishahara, uso ukamshuka, akaacha kula. Analipwa karibu mara mbili yangu.

Nikaenda kwa meneja, mama wa Kiingereza mpole, yule anayekuwekea chai kabla hajakukatalia. Akasema nafasi ya Rehema ni ya mtaalamu, yangu ni ya mwakilishi wa jamii. Nikamuuliza, bila Kimasai changu huo utaalamu ungetoka wapi? Akanijibu, "Lakini Kimasai hukukisomea. Umezaliwa nacho." Akaongeza kwamba ngazi hizo za mishahara wameziweka wafadhili, yeye mwenyewe zinamsikitisha.

Yaani niliyoyajua kwa kuchunga ng'ombe na baba yangu hayana thamani, ila mtu akiniuliza akayaandika, yeye ndiye mtaalamu. Niliumia jamani. Niliingia chooni nikalia, mwanaume mzima.

Nimeomba kazi kwingine, kote wananiambia uzoefu wangu ni wa jamii tu. Rehema alijaribu kunisemea, meneja akamwonya asivuruge timu. Naye ana mume ambaye hata kazi hajapata, sitaki aharibikiwe kwa ajili yangu.

Nikampigia baba yangu mdogo, mmoja wa wale wazee, nikamwambia nataka kuacha. Akasema, "Mwanangu, ukiondoka wewe nani atatusemea? Kisima bado hakijaisha. Vumilia." Kisima hicho, ambacho shirika letu linakichimba kijijini kwetu, ndicho mke wangu anachokingoja, maana maji anayafuata mbali. Nikiacha kazi, kisima kinakwama. Nikibaki, mke wangu anabaki huko huko. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini mimi nimepisha mpaka mgongo umegusa ukuta.

Kwetu mtoto akimsalimia baba humwinamishia kichwa, baba akamgusa utosini. Jumapili binti yangu aliinama mbele ya simu akangoja. Nikaweka kiganja kwenye kioo, nikamwitikia. Hakuinuka. Mama yake akamwambia, "Inatosha mwanangu, baba ameshakuitikia."

"Bado," akasema. "Hajanigusa."

Ndugu zangu mnaosoma, mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nishaurini, nifanye nini? Ila mtu asiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa.